Namba Tasa Ndizo Zilizotuzaa

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022 ndio uliokuwa usiku wa sensa. Kila mtu alihesabiwa kwa mahali alipolala usiku ule, nasi wa Unyambwa, huku Singida, tuliingizwa katika vishikwambi vya makarani pamoja na kuku wetu na mashamba yetu ya alizeti. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jumla yetu mjini Dodoma: watu 61,741,120.

Tangu siku ile namba hiyo imetajwa kila mahali. Wachumi wameipima kwa hekta na kwa madarasa, wanasiasa wameigawa kwa majimbo. Sijamwona mtu wa lugha akiishika namba yenyewe, akaigeuza huku na huku kama tunavyoligeuza shairi, akauliza ni namba ya aina gani na Kiswahili kinaisema vipi. Nimeamua kuifanya kazi hiyo hapa, nikijua kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu waliachana na hisabati kwa furaha siku waliyomaliza shule. Nawaomba wanivumilie, kwa kuwa mwisho wa safari hii kuna neno moja la darasani ambalo naona tumelibeba mno, na wanaofaa kulitua ni watu wa lugha kabla ya watu wa hesabu.

Tuanze kwa kuisoma. Wapo wasomao "milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini". Wapo wasomao "milioni sitini na moja, mia saba arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini". Wote wako sawa, lakini tofauti yao ina historia. Laki tumeipata kwa Wahindi, na kwao namba hii huandikwa 6,17,41,120, mkato ukikaa mahali pa laki na mahali pa elfu. Sisi tumechukua neno la Mhindi na mkato wa Mzungu. Ndiyo maana mtoto anaposoma tarakimu tatu za katikati, 741, jicho lake linaona kundi moja na ulimi wake unatamka makundi mawili. Siwashauri watu waiache laki. Neno hili lina mizani mbili tu, na kibarua, mwenye duka na mnunuzi wa vitunguu hawawezi kuishi bila hilo. Nasema tu kwamba mtoto anayekwama hapo si mjinga. Amekutana na mataifa mawili yakigombea mkato mmoja.

Kikwazo kingine ni kile kiunganishi kidogo, "na". Elfu arobaini na moja ni 41,000 au ni 40,001? Milioni sitini na moja ni 61,000,000 au ni 60,000,001? Katika mazungumzo tunaponea kwenye muktadha. Katika maandishi wengine hugeuza mpangilio, wakasema "arobaini elfu na moja" kwa ile ndogo, na wengine hutegemea mkato na pumzi. Mshairi anaijua pumzi hiyo kuliko mtu yeyote, maana ndiyo itenganishayo ukwapi na utao.

Nimeutaja ushairi si kwa bahati. Nilipoipata namba hii nilifanya jambo ambalo mwalimu wa Hisabati na Kiswahili hawezi kujizuia kulifanya: niliigawa kwa 64. Ubeti wetu wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane ukwapini na nane utaoni. Nne mara 16 ni 64. Tukimfanya kila mtu aliyehesabiwa kuwa mizani moja, je, taifa hili linatimiza beti ngapi, na mizani ngapi zinabaki nje?

Jibu ni beti 964,705. Haibaki hata mizani moja.

Mwalimu wa hesabu atasema, na ni haki yake, kwamba katika kila namba 64 zinazofuatana ipo moja yenye sifa hiyo, kwa hiyo hakuna muujiza. Nakubali. Siamini namba za bahati, na siwapendi wanaozitafutia siri za mbinguni. Lakini bahati moja katika 64 si haba kwa taifa lililozoea tarbia. Sensa ya mwaka 2012 haikuipata. Mwaka ule tulikuwa 44,928,923. Zilitimia beti 702,014, na mizani 27 zikabaki zikining'inia: mshororo mmoja na mizani 11 za mshororo ambao haukufika mwisho.

Endelea kuigawa namba ya 2022 kwa bahari nyingine. Utenzi wa mishororo minne yenye mizani nane nane una mizani 32 kwa ubeti, na hapa tunapata beti 1,929,410 kamili. Takhmisa yenye mishororo mitano ya mizani 16 ina mizani 80. Zinatimia beti 771,764 kamili. Tathlitha ndiyo inayokataa. Ubeti wake ni mizani 48, na ukiigawa 61,741,120 kwa 48 unabaki na 16, yaani mshororo mmoja mzima, wenye ukwapi na utao wake, usio na wenzake wawili wa kukaa nao. Sababu ni rahisi: jumla ya tarakimu za namba hii ni 22, na 22 haigawanyiki kwa tatu, basi na namba yenyewe haigawanyiki kwa tatu. Tasdisa nayo imefungiwa mlango kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha zaidi. Wanaume waliohesabiwa walikuwa 30,053,130 na wanawake 31,687,990. Wanaume peke yao wanatunga beti 469,580, wanabakiwa na mizani 10. Wanawake peke yao wanatunga beti 495,124, wanabakiwa na mizani 54. Kumi na hamsini na nne ni sitini na nne. Ubeti wa mwisho wa nchi hii hauandikiki ila kwa pande zote mbili kuchanga. Vivyo hivyo Bara, yenye watu 59,851,347, inabakiwa na mizani 19, na Zanzibar, yenye watu 1,889,773, inabakiwa na 45. Kihesabu ni lazima iwe hivyo: jumla ikigawanyika pasipo baki, mabaki ya sehemu mbili hayana budi kutimizana. Lakini hata kanuni ya lazima yaweza kupendeza ikisemwa kwa lugha inayojua kuhesabu silabi.

Angalieni tena hizo namba mbili za mwisho. Ya Bara inaishia na 7, ya Zanzibar na 3. Zote mbili ni witiri. Jumla yake ni shufwa. Witiri na witiri huzaa shufwa daima. Maneno haya mawili ni ya Kiarabu na yana heshima ya kale. Yametajwa pamoja katika sura ya 89 ya Kurani, na Mwislamu anayesali witri baada ya isha analijua moja wapo kwa magoti yake kabla hajalijua kwa kalamu. Mtoto wa darasa la nne anayejifunza shufwa na witiri amekabidhiwa maneno yenye asili, yasiyomdhalilisha mtu yeyote.

Sasa tuingie ndani ya namba yenyewe. Ikigawanywa mpaka isipogawanyika tena, inatoa hivi: mbili mara sita (yaani mbili kwa kipeo cha sita, ndiyo ile 64 yetu), kisha 5, kisha 7, kisha 43, kisha 641. Zidisha 64 kwa 5 kwa 7 kwa 43 kwa 641, utapata Watanzania wote 61,741,120 wa usiku ule, na hakuna njia nyingine ya kuipata namba hii kwa namba zisizogawanyika isipokuwa hiyo. Kila namba kubwa kuliko moja ina ukoo wake mmoja tu wa namna hii. Vigawo vyake vyote, vikubwa kwa vidogo, ni 112: mbili zaweza kuchukuliwa kwa namna saba, tangu kutochukuliwa kabisa hadi kuchukuliwa zote sita, na kila moja ya zile nne nyingine yaweza kuchukuliwa au kuachwa, saba mara mbili mara mbili mara mbili mara mbili ni 112.

Katika ukoo huo, 641 ina jina kubwa duniani. Katika karne ya 17, mwanasheria Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama namba 3, 5, 17, 257 na 65,537, zilizojengwa kwa kanuni moja ya vipeo vya mbili, akaona zote hazigawanyiki. Akaamini kuwa na zinazofuata zitakuwa hivyo milele. Inayofuata ni 4,294,967,297. Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa namba hiyo inagawanyika, na kigawo chake ni 641. Kigawo kinachobaki ni 6,700,417. Mwenye kalamu na karatasi azidishe mwenyewe, itamchukua dakika mbili. Namba iliyoiangusha imani ya Fermat ndiyo hiyohiyo iliyokaa ndani ya hesabu yetu ya watu.

Na hapa ndipo nilipokuwa nikielekea. Namba kama 5, 7, 43 na 641, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, tunaziitaje kwa Kiswahili? Tunaziita namba tasa.

Kila msomaji wa ukurasa huu anajua tasa ni nani. Ni mwanamke, au mnyama wa kike, asiyezaa. Aliyelichagua neno hili nadhani aliutazama mgawanyo: ukiigawa 12 inakutolea 2 na 6, au 3 na 4, kana kwamba inazaa, ukiigawa 7 haikutolei kitu ila 1 na 7 yenyewe. Akaona hii haizai. Kwa jicho hilo neno lina mantiki, na silidharau.

Lakini jicho hilo limetazama upande usio wa uzazi. Sikilizeni lugha yenyewe inavyosema. Ukizidisha 5 kwa 7, jibu lake, 35, darasani linaitwaje? Linaitwa zao. "Tafuta zao la 5 na 7." Zao ni la kuzaa, kama mazao ya shamba. Kwa Kiswahili chetu wenyewe, kuzidisha ndiko kuzaa, na zao ndilo mtoto. Basi 35 ni mtoto wa 5 na 7. Nani hapo ni tasa? Hao wawili tunaowaita tasa ndio wazazi! Kinachozitofautisha na nyingine si kwamba hazizai. Tofauti yao ni kwamba hazikuzaliwa: hakuna namba mbili ndogo zilizokutana zikazileta. Namba zote nyingine ni wana na wajukuu wao. Watu milioni 61 na ushei wa nchi hii, kihesabu, ni zao la 2, 5, 7, 43 na 641. Kisha vitabu vinamwambia mtoto "tafuta vigawo tasa vya namba hii", yaani mtafute wazazi wagumba wa mtoto huyu. Kama kuna sentensi inayojipinga yenyewe katika mtaala mzima, ni hiyo.

Lugha nyingine zimeona vizuri zaidi. Walatini waliziita za kwanza, na Kiingereza na Kifaransa vikarithi. Waarabu nao wanasema za awali. Wote wameangalia nafasi ya namba hizi katika ukoo, kwamba ndizo zinazotangulia. Sisi tumewatazama waasisi wa ukoo mzima tukawaita wasiozaa.

Ningeweza kuishia kwenye mantiki, lakini lipo jingine, nalo si la hesabu. Dada mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu alipangiwa shule ya msingi, akapewa Hisabati ya madarasa ya juu. Hakujaliwa mtoto. Kila mwaka somo la namba tasa lilipofika, mnong'ono ulianzia dawati la nyuma ukafika la mbele. Mwaka mmoja watoto walimpa jina: Mwalimu Kumi na Saba. Wakubwa hawakulielewa jina lile mara moja. Watoto wote walilielewa. Aliniambia, "Kaka, nikifika ukurasa ule natamani kengele ilie." Baadaye aliomba abadilishiwe somo, na shule ile ikampoteza mwalimu aliyekuwa akiwafundisha watoto kuzidisha kwa kutumia punje za mtama na wakaelewa. Sisemi neno moja lilimfanyia yote hayo. Nasema neno lile liliwapa watoto kisu ambacho hakuna aliyekuwa na haja ya kuwapa.

Najua hoja itakayoletwa: kutokuzaa si aibu, basi neno tasa si tusi, tufundishe heshima, tusibadili istilahi. Ni hoja nzuri kwa watu wazima. Mtoto wa miaka kumi hupokea neno pamoja na namna linavyotamkwa nyumbani kwao, na sote twajua namna linavyotamkwa. Tena, neno lingekuwa sahihi kihesabu ningesita kuligusa, maana usahihi una gharama zake. Neno linalokosea hesabu na kuumiza mtu kwa wakati mmoja halina wa kulitetea ila mazoea.

Tuweke nini badala yake? Nimeyapima matatu. La kwanza ni "namba awali", kwa kuwafuata Waarabu. Ni sahihi, ila mtoto atadhani ni namba za mwanzo wa kuhesabu, moja, mbili, tatu, na kazi ya kumtoa huko itakuwa ndefu. La pili ni "namba msingi". Nalo lina maana, lakini msingi tumeshautwika mizigo mingi: shule ya msingi, kima cha msingi, mshahara wa msingi. La tatu ndilo ninalolipendekeza: namba shina. Shina halitokani na tawi. Matawi ndiyo hutokana na shina. Mkulima wa Unyambwa anajua kuwa shina moja la mtama hubeba suke lenye punje asizoweza kuzihesabu. Mwanafunzi wa sarufi analijua shina la neno, lile ambalo maneno mengine huundwa juu yake. "Mzizi" ungefaa pia, ila wahisabati wana vipeuo vyao na wengine huviita mizizi, nisingependa kuwagombanisha. Shina liko huru. "Tafuta vigawo shina vya 61,741,120": sentensi hii haijipingi. Na zile namba nyingine, zilizo wana wa mashina, tuziite namba zao, kwa kuwa neno liko tayari darasani.

Si hilo tu linalohitaji mkono wa watu wa lugha. Tangu Wayunani wa kale namba zimegawanywa katika aina tatu kwa kujumlisha vigawo vyake, yenyewe ikiachwa nje. Vigawo vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14. Jumla yake ni 28 barabara. Namba kama hii ni adimu: kabla ya milioni moja zipo nne tu, 6, 28, 496 na 8,128. Kwa Kiswahili huwezi kuiita namba kamili, maana namba kamili tumeshazipa kazi nyingine, zile zisizo na sehemu, chanya na hasi. Mimi huiita timilifu. Ambayo vigawo vyake havifiki, mathalani 641, ambayo jumla yake ni moja tu, naiita pungufu. Ambayo vigawo vyake vinapita, naiita zidifu. Namba yetu ya sensa ni zidifu kwelikweli: vigawo vyake 111, bila yenyewe, vinafika 110,458,688. Timilifu ya tano ni 33,550,336, na taifa hili liliipita mahali fulani kati ya sensa ya 1988 na ile ya 2002, katika siku ambayo hakuna aliyeiona ikipita.

Wapo watakaouliza mwalimu wa mkoani ana mamlaka gani ya kuzipa namba majina. Nawajibu kwa Mhindi mmoja, D. R. Kaprekar, aliyeishi kati ya 1905 na 1986. Alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Devlali, hana shahada kubwa wala kiti chuoni. Alizipenda namba kama wengine wanavyopenda bao. Aliona kwamba ukichukua namba ya tarakimu nne zisizofanana zote, ukazipanga toka kubwa hadi ndogo, ukatoa mpangilio wa toka ndogo hadi kubwa, ukarudia hivyo kwa kila jibu, utaishia kwenye 6174 katika hatua zisizozidi saba. Ujaribu mwaka wa sensa, 2022: 2220 toa 0222 ni 1998, 9981 toa 1899 ni 8082, 8820 toa 0288 ni 8532, 8532 toa 2358 ni 6174. Sasa tazama tarakimu nne za mwanzo za 61,741,120. (Nimekwisha sema siamini bahati. Nilitabasamu tu.)

Kaprekar huyohuyo alizipenda namba zinazogawanyika kwa jumla ya tarakimu zake. Hakuziita kwa Kiingereza, lugha ya waliomtawala. Alichota katika Kisanskriti neno lenye maana ya mtoa furaha, akaziita namba za Harshad, na leo vitabu vya Ulaya na Marekani vinaziita hivyohivyo. Jumla ya tarakimu za 30,053,130, idadi ya wanaume wetu, ni 15, na namba hiyo inagawanyika kwa 15. Jumla ya tarakimu za 31,687,990, idadi ya wanawake wetu, ni 43, nayo inagawanyika kwa 43. Zote mbili ni za mtoa furaha. Jumla yao ya pamoja siyo, kwa kuwa tarakimu zake zinafika 22 nayo haigawanyiki kwa 11. Mwenye ndoa atatoa maelezo yake.

Ikiwa neno la mwalimu wa Devlali liliweza kuvuka bahari, neno letu litashindwa kuvuka kutoka kitabu kimoja hadi kingine? Kumbukeni kishikwambi. Lilipoanza kusikika watu walicheka, wakasema halitashika. Ikaja sensa, makarani wakazunguka nchi nzima navyo mikononi, kisha vifaa vile wakagawiwa walimu, na leo bibi wa kijijini hasemi neno jingine. Istilahi hushika inapokuwa na kazi ya kufanya na mtu wa kuifikisha mlangoni.

Namba shina ina kazi tayari, kila siku, katika kila shule ya msingi ya umma. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na vitabu vyake vinaandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na kusanifu istilahi ni kazi yake ya kisheria. Ombi langu kwao ni dogo: katika toleo lijalo la vitabu vya Hisabati, waandike "namba shina" na kuweka "tasa" pembeni kwa miaka michache, ili mzazi anayemsaidia mtoto kazi ya nyumbani asipotee. Wakiona "shina" halifai, wachague jingine, mradi liwe neno linalokubaliana na "zao".

Sijasahau sekondari, ambako tunafundisha kwa Kiingereza na maneno haya yote hufungiwa kabatini siku ya kwanza ya kidato cha kwanza. Nimefundisha humo miaka mingi. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakitafuta kigawo kikubwa cha shirika kwa wepesi darasa la saba wakikaa kimya mbele ya swali lilelile kwa sababu limevaa nguo nyingine. (Cha wanaume na wanawake wetu, kwa mwenye kupenda kujaribu, ni 430.) Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mrefu na nitauandikia siku yake. Lakini wanaodai Kiswahili hakina maneno ya hesabu watakuwa wamepunguziwa hoja moja iwapo maneno tuliyo nayo yatakuwa yanasema kweli.

Kwa wenzangu watunzi, ambao wengine mmewatungia watoto mashairi ya kukariri namba hizi, badiliko hili halitawasumbua sana. "Namba tasa" ni mizani nne, na "namba shina" ni mizani nne. Mshororo hautavunjika popote. Pale tu neno lilipokaa mwishoni mwa kipande ndipo mtakapolazimika kutafuta kina kipya cha "na" mahali pa "sa", na vina vya "na", Mungu ashukuriwe, Kiswahili hakijawahi kupungukiwa navyo.